Jiwe Lililoitwa Mudanganyi

Jumatano, tarehe 11 mwezi wa tatu, saa nne asubuhi, Fundi Paluku alikufa nyumbani kwake Bulengera, katika mji wa Butembo, mashariki ya Kongo, akiwa ameketi kwenye kiti chake, na pamoja naye nilipoteza mtu pekee niliyekuwa na neno la kumwambia. Mimi nilikuwa Beni nikishona sare za shule. Mtoto wake alinipigia simu, nikasema asante, nikamaliza mkono wa shati uliokuwa chini ya sindano, kisha nikazima mashine. Ningependa kuandika kwamba nililia, lakini sikulia. Nilikunja shati, nikatafuta kitenge cheusi, nikapanda pikipiki. Njiani dereva aliniuliza kama ninasikia baridi, nikamjibu kwamba sisikii kitu.

Matanga yalikuwa uani kwake. Turubai lilifungwa kutoka kwenye ukuta hadi kwenye mti wa parachichi, wanawake wamekaa mikekani, wanaume kwenye viti vya plastiki. Waliniletea bugali na sombe ya majani ya muhogo. Nilikula kwa sababu sahani ilikuwa mbele yangu. Nyuma yangu vijana wawili walikuwa wakibishana juu ya betri, ambazo kwetu ni pile.

“Huyu muzee njo alifanyaka radio iseme bila pile.”

“Bila pile? Weye nawe. Bila solaire?”

“Bila kintu! Inakula mawimbi ya hewa tu.”

“Hewa haina chakula, rafiki. Ingekuwa nayo, tungekuwa wanene.”

“Uliza Mama Masika. Ye alikuwako.”

Wakanitazama. Nikasema ni kweli, nilikuwako. Wakangoja zaidi, nikakata tonge jingine la bugali. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyoshindwa kuwaambia.

Mwaka 1999 nilikuwa na miaka ishirini, na shule yangu ilikwisha katika mwaka wa pili wa ushonaji. Nilipanga nusu ya baraza ya nyumba moja iliyokuwa kando ya barabara. Nusu ya kushoto ilikuwa mashine yangu ya kukanyaga kwa mguu, nusu ya kulia meza ya Fundi. Katikati yetu kulikuwa na pazia la gunia ambalo hatukulifunga hata siku moja. Hadi leo nikisikia harufu ya risasi ya kuchomelea naona ile baraza: mifupa ya redio imepangwa ukutani, jiko la makaa chini ya meza ambalo ndani yake alipasha moto kichomeo chake cha shaba, na mkebe wa maziwa uliojaa skrubu. Saa sita mkewe, Mama Mumbere, alileta chakula kwenye beseni lililofunikwa, tukala watatu kutoka beseni hilo moja huku tukisikiliza wapita njia. Hatukuhitaji magazeti. Wanawake waliotoka sokoni walisimama mbele yetu wakapokezana habari kana kwamba sisi ni ukuta. “Njia ya Beni leo iko namna gani?” “Iko ya Mungu tu.” “Na barrière?” “Zimezaa.” Wakacheka kwamba vizuizi vya askari vimezaliana, wakaenda zao. Vita ilikuwa hivyo kwetu mwaka ule: tuliisikia zaidi kuliko tulivyoiona, na tulicheka kidogo kila siku, halafu tukaendelea na kazi.

Redio ndiyo iliyotuambia nani amefika, nani amepotea na nani amezikwa. Kwenye kilima juu ya mtaa kulikuwa na kituo cha Kanisa, chenye mlingoti mrefu, kilichorusha katika mawimbi ya kati, na mara mbili kwa siku, mchana na jioni, kilisoma komunike: fulani anatafutwa na mamake, fulani amefika salama, fulani amefariki na familia yajulishwe. Kila mtu alitaka kusikia komunike na karibu kila mtu alikosa betri. Wengine walizianika zile za zamani juu ya mabati ili jua lizifufue. Wengine walizichemsha katika sufuria, zikapasuka ndani ya redio, na redio ikaletwa kwa Fundi ikiwa imeoza. “Wanapika pile kama viazi,” alisema, akikwangua kutu. “Bon. Nitafanya radio isiyokula pile. Nimechoka kusafisha supu.”

Nilidhani anatania. Jumamosi moja akanichukua hadi chini ya mlingoti, nje ya uzio. Akafunga waya kwenye tawi, akachomeka msumari mrefu ardhini, na katikati akaweka kibao kidogo chenye vitu vinne nilivyoweza kuvifunika kwa kiganja: diodi mbili za kioo na kondensa mbili, yaani vikopo vya kutunza umeme. Mwishoni mwa kibao kulikuwa na taa nyekundu ndogo kama punje ya mtama. Hapakuwa na betri, wala waya kutoka kituoni. Taa ikawaka. Mlinzi wa kituo akaja mbio, akidhani tunakula umeme wao.

“Ee! Munaiba kuran ya Kanisa!”

“Hatuibe,” Fundi akasema. “Tunaokota. Inamwagika chini tu, haina mwenyewe.”

“Ya Kanisa haiokotwe! Nitasema kwa pasta!”

“Semea ye. Na umwambie taa inawaka zaidi wakati wa kuhubiri.”

Tukirudi alinieleza, na nilielewa, labda kwa sababu hakutumia maneno ya shule. Mawimbi yanakwenda na kurudi, alisema, yanakwenda na kurudi, kama watu wa Bulengera siku ya soko. Jioni ukihesabu wote, hakuna aliyehama. Ndiyo maana hayafanyi kazi yoyote yakiachwa hivyo. Unahitaji mlango unaofunguka upande mmoja tu, ili wanaokwenda waende na wanaotaka kurudi wakute umefungwa. Mfaransa anauita redresseur. “Mu Swahili yetu ni munyooshaji,” alisema. “Kazi yangu yote ni kunyoosha.” Kisha akanionyesha diodi za aina mbili. Nyeusi za plastiki, zilizokuwa nyingi, na za kioo, ambazo alikuwa nazo nne peke yake, kutoka kwenye redio za wakati wa Wabelgiji. “Hizi nyeusi ni kama barrière. Bila kutoa kintu kwanza, haupite, na wimbi yetu ni masikini, haina kitu ya kutoa. Mais hizi za kioo ni kama mulango ya Kanisa: ukigusa, umeingia.”

Miezi iliyofuata alichora na kufuta kwenye nyuma ya kalenda. Mchoro wake ulikuwa kama ngazi: diodi mbili zikipokezana na kondensa mbili, kila moja ikipanda juu ya umeme wa mwenzake, mpaka upatikane wa kutosha kulisha transista moja. Diodi ya tatu ilikuwa ya kusikia, yaani ya kutenga sauti na wimbi lililoibeba. Transista ingeinua sauti ile hadi kwenye kisikilizio cha simu ya zamani ya posta. Ya nne ilikuwa ya akiba. Alijaribu ngazi ya vipandio vinne kwa diodi nyeusi, ikatoa kidogo kuliko ya viwili. Kila kipandio kilidai chake. Aliandika kila jaribio, akapiga mstari, akaanza tena. Kazi yangu ilikuwa koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi ili kukamata wimbi. Aliona jinsi mashine yangu inavyokunja uzi kwenye kibobo, akaniuliza kama inaweza kukunja waya wa shaba mwembamba kama unywele. Iliweza. Nilikanyaga polepole, kidole kikiongoza waya, nikihesabu. Hakuna aliyekuwa amenipa kazi ya namna ile kabla, na kwa wiki kadhaa nilikuwa mtu mwenye furaha. Naliandika hilo kwa sababu ni kweli pia.

Diodi ya akiba ilichukuliwa na askari mmoja aliyetoka mbali, mtu wa Kilingala, aliyeleta redio yake imekufa. “Vieux, bongisa noki-noki,” alisema, atengenezewe upesi, akaweka bunduki juu ya kitambaa nilichokuwa nakata. Fundi alimtengenezea. Ya kusikia niliiua mimi. Diodi za kioo hazipendi joto; unapozichomea lazima uzibane kwa koleo ili koleo linywe moto. Fundi alikuwa amekwenda kunawa. Nilitaka kumshangaza nimalize mwenyewe, nikabana vibaya, na kichomeo kikakaa pale muda wa kusema Baba Yetu nusu. Aliporudi aliipima, akatikisa kichwa.

“Imekufa.”

“Fundi, nisamehe.”

“Hapana kulia. Hata miye niliuaka ya kwanza.”

Nilikuwa mchumba wa mtu. Hapa ni lazima nieleze majina, maana mambo yote yalijikunja hapo. Kwetu Wanande, mtoto wa kiume wa kwanza mara nyingi huitwa Mumbere au Paluku, na wa pili ni Kambale. Ukisimama barabarani Bulengera ukaita Kambale, wanaume kumi watageuka. Mchumba wangu alikuwa Kambale, mtoto wa Paluku mwingine wa mtaa wetu, aliyefariki zamani. Na mtoto wa pili wa Fundi alikuwa Kambale, na babake, kama nilivyosema, ni Paluku. Kambale wangu alikwenda Manguredjipa tangu mwezi wa tatu, kuchimba dhahabu, atafute mbuzi wa mahari. Kambale wa Fundi alikuwa akisoma Beni, na kabla ya likizo kubwa alimtumia babake neno kwamba atabaki hukohuko kufanya kazi kwenye ghala la kahawa.

Mwezi wa saba mtu mmoja aliyesukuma baiskeli kutoka Manguredjipa aliniletea kifurushi. Ndani kulikuwa na jiwe la njano linalong'aa, lenye pembe kama lilikatwa kwa kisu, na barua. Barua ilikuwa fupi. *Masika, hili jiwe wanunuzi wanalicheka, wanaliita mudanganyi, kwa sababu linajifanya dhahabu. Mpe Fundi, anapenda vitu. Kambale wake yuko hapa tangu mwezi wa tano, anachimba shimo la jirani. Anataka kurudi shuleni na kitu mkononi. Amekataa nimwandikie babake. Na wewe usiseme.*

Nilimpa Fundi jiwe. Barua niliiweka ndani ya blauzi.

Fundi alipoliona jiwe alicheka peke yake. Alisema mwalimu wake wa zamani alimwambia kwamba kabla ya diodi kuwapo, watu walisikia redio kwa mawe. Unagusa jiwe kwa ncha ya waya mwembamba, unatafuta. Sehemu nyingi ni bubu, na hapa na pale pana nukta inayoruhusu upande mmoja tu. Aliliweka jiwe ndani ya kifuniko cha chupa, akamwaga risasi iliyoyeyuka kulishika, akatengeneza mkono wa waya kutoka kwenye uzi wa gitaa. Lakini jiwe lilikuwa na uchu zaidi kuliko kioo, lilikunywa nguvu ya koili, kwa hiyo nililazimika kukunja koili mpya yenye tawi katikati. Nilikunja mizunguko tisini juu ya kipande cha mwanzi. Waya wa shaba huteleza kwenye mwanzi mtupu, unahitaji karatasi chini yake, na karatasi ilikuwa haba. Nilitoa barua, nikaizungushia mwanzi maandishi yakiwa ndani, nikakunja waya juu yake. Ncha mbili nilizifunga kwa vanishi yangu ya kucha, nyekundu. Niliona hapo ndipo mahali pa mwisho ambapo mtu angetafuta.

Jiwe lilisema siku ya tatu. Sauti ilikuwa ndogo, kama mtu anayezungumza ndani ya chupa, lakini ilikuwa sauti, na hapakuwa na betri mezani. Aliyesikia alikuwa mmoja tu, mwenye kisikilizio. Wengine walimtazama uso. Fundi masikio yake yalikuwa yamechoka, kwa hiyo mimi ndiye niliyesikia na yeye akauliza. Mitaa miwili ilikuja kutazama. Na ilikuwa hivi: ukikohoa karibu na meza, waya ulihama kwenye nukta yake na dunia ikanyamaza, ukaanza tena kutafuta.

Kisha ikaja Alhamisi moja ya mwezi wa nane, komunike ya mchana. Mama Mumbere alikuwa ameleta maharage. Nilishika kisikilizio sikioni na kijiko mkono mwingine. Msomaji alisoma mtoto aliyepotea, akasoma mkutano wa akina mama, kisha akasema: “Tangazo la kifo, kutoka Manguredjipa. Kambale, mwana wa Paluku, wa Bulengera, aliyeku…”

Fundi aliona uso wangu. Aliegemea mbele, kiwiko chake kikagonga ukingo wa meza. Waya ukahama.

“Banasema nini? Masika, banasema nini?”

Nilitafuta nukta. Niligusa huku, nikagusa kule. Nilipoipata walikuwa wanaimba wimbo wa kwaya.

“Kambale amekufa,” nikasema. “Manguredjipa.”

Akaweka mkono wake kichwani pangu. “Kambale yako,” akasema, kisha akamwita Mungu kwa Kinande. “Ee Nyamuhanga. Kambale yako.”

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nimeipima nafasi ile miaka yote hii, na ilikuwa ndefu. Mama Mumbere aliweka chini beseni, akafunga kitenge, akaanza kulia, na bado nafasi ilikuwapo. Nilijua Manguredjipa walikuwa wawili. Mtu pekee kwenye baraza ile aliyejua walikuwa wawili ni mimi. Nilijiambia siwezi kumuua mtoto wa mtu kwa nusu ya sentensi, na hilo lilikuwa kweli. Lilikuwepo jingine chini yake, nalo pia lilikuwa kweli, nami nitaliandika baadaye kidogo.

Mwanamke wa dukani alithibitisha. Yeye alikuwa na betri. “Nilisikia na masikio yangu, Kambale mwana ya Paluku, wa Bulengera. Kisha mutoto akakuya kutaka chumvi, nikaipima, sikusikia mwisho.” Kila mtu alijua Kambale mwana wa Paluku aliyekwenda Manguredjipa ni yupi. Tulingoja komunike ya jioni. Haikuja. Alasiri ile watu wenye bunduki, ambao hakuna aliyewauliza majina, walipanda kilima wakaondoka na jenereta ya kituo. Bila kituo, ubao wetu ulikuwa hauna cha kula. Nilishika kisikilizio mpaka Mama Mumbere akaninyang'anya polepole.

Matanga yalifanyika kwa mama mkwe wangu. Fundi alifunga kazi siku nne. Alileta turubai, alileta kuni kichwani mwenyewe na umri wake, alisimama mbele ya watu akaomba sala ndefu kwa ajili ya Kambale, akilitaja jina mara kwa mara. Mimi nilikaa mkekani na kitambaa cheusi, sijaolewa na tayari kama mjane, na wanawake wakaniambia nilie ili moyo upumue. Sikuweza. Na sasa naandika lile jingine. Nilipokuwa nimekaa pale, Fundi akipita na maji ya kunawa akaninawisha mikono, nilikuwa ninatumaini kwamba aliyekufa ni wake. Sikuomba kwa Mungu, maana nilijua haliombwi. Nilitumaini tu, siku zote nne, na wiki zilizofuata, kwa utulivu, kama mtu anayengoja maji yachemke.

Ofisi ya kituo, penye daftari la komunike, ilikuwa mwendo wa dakika arobaini. Nilianza safari ya kwenda kuisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilifika hadi darajani. Mara ya pili niliona uzio. Zote mbili nilirudi, kwa sababu kabla ya kusoma nilikuwa bado na nusu ya mtu.

Mwezi wa tisa shule zilifunguliwa. Fundi alimtuma dereva wa lori aulize habari za mtoto wake Beni. Jibu likaja kwamba hajaonekana darasani. Alilikunja jibu, akafikiri, akaniambia kupitia pale ambapo pazia lingekuwa: “Ako Mabalako kwa mujomba yake. Anavuna kahawa. Ile mutoto anapenda shamba kuliko kitabu.” Nikasema, “Labda.” Neno hilo moja ndilo uongo wangu wa kwanza kwake, kabla yake nilikuwa nimenyamaza tu. Alianza kuimba kidogo akifanya kazi, jambo ambalo hakulifanya zamani.

Kambale wangu alirudi katikati ya mwezi wa kumi, asubuhi, kwa miguu. Njia ya Manguredjipa ilikuwa imefungwa na vita, alizunguka msituni, alikonda hata suruali imefungwa kwa kamba. Baraza yetu ilikuwa kabla ya kwao, kwa hiyo alitufikia sisi kwanza. Nilikuwa nashona. Nilimwona, mguu wangu ukaendelea kukanyaga. Yeye hakunitazama. Alipanda baraza, akaenda moja kwa moja hadi kwenye meza ya Fundi, akavua kofia, akashika mkono wa mzee kwa mikono yake miwili.

“Fundi,” akasema. “Pole sana.”

Fundi alikuwa ameshasimama, anacheka, machozi yanamtoka, anamshika mabega. “Pole ya nini? Weye njo ulikufa! Tulikulilia hapa! Mama Mumbere! Kuya uone! Mutu tuliyezika anasema pole!”

“Pole ya Kambale,” mchumba wangu akasema. “Walituma komunike. Mulisikia, hapana?”

Fundi aliendelea kucheka kidogo zaidi. Niliona kicheko kikikaa usoni mwake bila kazi, kama redio iliyofunguliwa. Kisha akaketi. Barabarani watu walikuwa wameanza kukimbia na kupiga vigelegele, mama mkwe wangu amekuja bila viatu, wananibeba, wananivua kitambaa cheusi, na mimi juu ya mabega yao nilikuwa nikiangalia nyuma. Watu huniuliza kama nilifurahi. Sijui. Nilipata nilichotumaini, chote, na sikusikia kitu.

Kambale alimweleza jioni: shimo lilibomoka, waliwafukua watatu, wakawazika vizuri, mchungaji alikuwapo. Fundi akamuuliza swali moja. “Uliandikiaka mutu kama yeye ako kule?” Kambale wangu alinitazama, muda wa kupepesa jicho. “Hapana,” akasema.

Kesho yake Fundi alitaka kuisoma mwenyewe, akaniomba nimsindikize. Karani alifungua daftari, akaweka kidole. *Kambale, mwana wa Paluku, wa Bulengera, aliyekuwa akisoma Beni.* Fundi alisoma polepole, akarudia. Tulipokuwa tunashuka kilima aliniuliza nilisikia hadi wapi.

“Hadi ‘aliyeku’.”

“Kisha?”

“Kisha waya ukahama.”

“Nani aligusa meza?”

“Mimi,” nikasema.

“Hapana, Masika. Ni miye. Niliona kiwiko yangu.” Tukatembea. “Maneno matatu,” akasema.

Mimi na Kambale wangu tulioana mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata. Babangu hakuwapo, kwa hiyo Fundi ndiye aliyenishika mkono kuniingiza kanisani. Kiganja chake kilikuwa kikavu. Mbele ya mlango alinitengenezea shela, akaniambia nisiogope, akanipeleka. Baadaye mwezi huohuo mimi na mume wangu tulihamia Beni, na kila nilipokuja Butembo nilikwenda kumsalimu, na kila mara nilikuwa nimepanga kumwambia kuhusu barua, na kila mara tulikunywa chai. Nilijiambia ni mzee, kwa nini nimwongezee. Mume wangu yuko hai, anauza mbao. Naye hajawahi kuniuliza niliiweka wapi.

Siku ya tatu ya matanga Mama Mumbere aliniita chumbani. Alitoa chini ya kitanda kitu kilichofungwa katika kitambaa. “Alisema hii ni yako.” Ulikuwa ule ubao. Ngazi ya diodi mbili ilikuwapo, jiwe ndani ya kifuniko cha chupa, mkono wa uzi wa gitaa umeinuliwa ili usiguse. Nilishika koili. Nilihesabu mizunguko kwa ukucha, kama zamani. Ilikuwa tisini, na tawi katikati. Lakini waya ulikuwa umekunjwa kwa mkono, si kwa mashine, hapa umebana na pale umelegea kidogo, na kwenye ncha hapakuwa na vanishi nyekundu. Zilikuwa zimezibwa kwa nta ya mshumaa. Chini ya waya, kwenye ukingo, niliona karatasi. Ilikuwa imerudishwa maandishi yakiwa nje.

“Mama,” nikasema, “Papa aliifunguaka hii lini?”

Alifikiri, akikunja kile kitambaa.

“Ile? Kitambo. Ni mwaka ule ule Kambale yetu alikufa, mbele ya Noeli, weye haujaolewa bado. Alikaa nayo siku muzima hapa chumbani, anafungua, anasoma, anafunga tena. Nikamuuliza, unatafuta nini? Akasema iko inafanya kazi muzuri, ni koili tu alitaka kuona.”

Nikaufunga ubao ndani ya kitambaa. Nje waliniita kwa chakula, nikatoka, nikakaa mkekani, nikanawa mikono.